Umepotea

Katika ripoti za majaribio ya dawa za saratani ya damu na saratani ya mitoki kuna sentensi moja ambayo msomaji huipita bila kusimama. Huja karibu na mwisho wa matokeo, baada ya hesabu ya waliopona na hesabu ya waliofariki. Inasema kwamba washiriki kadhaa walipotea kwenye ufuatiliaji. Kisha ripoti inaendelea na mambo yake.

Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni ya kiofisi, haina joto wala baridi. Kwa Kiswahili haiwezi kubaki hivyo, kwa sababu kwetu "umepotea" ni salamu. Ukikutana na mtu stendi ya Songea baada ya miezi sita, neno la kwanza ni hilo: umepotea sana, jamani. Anayeambiwa hivyo haelezi njia alizopita. Anajibu, "Nipo, nimejaa tele." Wote wawili wanajua kwamba hakuna aliyepotea njia. Kilichopungua ni kuonana, na lawama inawagusa wote wawili, aliyekaa kimya na ambaye hakumtafuta.

Nataka kusoma maandishi manne nikiwa na neno hilo mkononi: kitabu kuhusu saratani kilichosifiwa dunia nzima, kitabu cha historia ya hospitali moja ya Kampala, ripoti ya jaribio lililofanyika katika nchi tatu za Afrika, Tanzania ikiwemo, na fomu ya ridhaa. Fomu nayo ni andiko. Kwa watu wengi wa kwetu Namasakata huenda ikawa ndiyo kurasa pekee za sayansi ya saratani zitakazowahi kusomwa mbele yao kwa sauti.

Nianze na sababu yangu. Nilipokuwa na miaka tisa, binamu yangu, mtoto wa shangazi, alivimba taya. Yeye alikuwa na miaka sita. Kwanza magego yalilegea, tukadhani ni mambo ya meno, akang'olewa jino. Baada ya wiki moja uvimbe ulikuwa umesukuma shavu mpaka jicho la kushoto likawa dogo. Saratani hiyo huitwa limfoma ya Burkitt, na ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote anazoweza kuugua binadamu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Shangazi alimbeba hadi Songea, na kutoka Songea wakaelekezwa hospitali kubwa, mbali sana. Huko alisomewa fomu, akatia dole gumba. Mtoto akatundikiwa dripu. Kufikia dripu ya tatu taya lilikuwa limerudi kama lilivyokuwa. Wakaruhusiwa kwenda nyumbani na kuambiwa warudi baada ya wiki mbili.

Hawakurudi. Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga, nauli ilikuwa imeisha kwa safari ya kwanza, na mtoto alikuwa anakimbia uwanjani na wenzake. Kwenye fomu, mahali pa namba ya simu ya ndugu wa karibu, shangazi alikuwa ameandikisha namba ya mwenye duka mmoja wa Songea, kwa sababu kijijini hapakuwa na aliyekuwa na simu. Mwenye duka akabadilisha laini. Mambo yakaishia hapo kwa upande wa hospitali.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uzamili wa fasihi natafuta mada ya tasnifu, nilikutana na kitabu cha Siddhartha Mukherjee, The Emperor of All Maladies, kilichotoka mwaka 2010 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Nilikisoma kwa siku nne. Ni kitabu kizuri, na sitaki uhakiki huu uonekane kama wa mtu aliyenuna kwa sababu kijiji chake hakikutajwa. Mukherjee ni daktari anayejua kusimulia. Anaonyesha jinsi Sidney Farber, daktari wa hospitali ya watoto ya Boston, alivyowapa watoto wenye saratani ya damu asidi ya foliki akidhani itawasaidia, akaona ugonjwa unachochewa, na kutokana na kosa hilo akageuka na kutafuta dawa inayofanya kinyume chake. Mwishoni mwa mwaka 1947 alianza kumpa mtoto wa miaka miwili dawa iitwayo aminopterini. Mwaka 1948 alichapisha ripoti ya watoto 16, ambao 10 kati yao walipata nafuu. Nafuu hiyo haikudumu, na Farber hakulificha jambo hilo: neno la kwanza la kichwa cha ripoti yake ni lile la kusema kwamba nafuu ilikuwa ya muda. Mimi kama mhakiki naheshimu kichwa cha namna hiyo.

Jambo kubwa alilolifanya Mukherjee ni kumrudishia jina mtoto yule wa kwanza. Kitabu kimetabarukiwa kwake, Robert Sandler, aliyezaliwa mwaka 1945 na kufariki mwaka 1948. Katika ripoti ya kitabibu mgonjwa ni herufi na umri, naye anamfanya mtoto tena, mwenye pacha wake, mwenye wazazi. Uti wa mgongo wa kitabu ni mgonjwa mwingine, Carla Reed, mwalimu wa chekechea wa karibu na Boston aliyeugua saratani ya damu mwaka 2004. Tunamwona siku anapopigiwa simu, tunamwona katikati ya dawa, na kuelekea mwisho wa kitabu, baada ya kama miaka mitano, daktari anamwendea nyumbani kwake.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Daktari anapanda gari na kwenda nyumbani kwa mgonjwa, na mgonjwa yupo. Nikaona kwamba kitabu chote kimesimama juu ya uwezekano huo. Simulizi ya jaribio la dawa, hata ikiandikwa kwa ustadi namna gani, inahitaji mhusika anayerudi kliniki. Asiporudi hakuna sura inayofuata. Mukherjee anaweza kusimulia kifo, na anakisimulia vizuri, kwa sababu kifo kinaonekana. Kitabu chake hakina namna ya kumsimulia mtu aliyetoka mlangoni akiwa mzima na hakuonekana tena. Hilo silo kosa lake peke yake, kwa kuwa aina nzima ya uandishi inamwacha nje mtu wa namna hiyo. Anayesimulia amekaa hospitalini, na hadithi huishia pale macho yake yanapoishia.

Dawa za Farber ziliifuata njia ndefu kutufikia. Ndugu wa karibu wa aminopterini ni methotreksati, na methotreksati ni moja ya dawa ambazo watoto wenye uvimbe wa taya walipewa Kampala na Nairobi tangu miaka ya 1960. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alikuwa amechapisha makala yake kuhusu uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kwa wiki kumi, kama kilomita 16,000, kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiingia hospitali baada ya hospitali na kuuliza kama kuna watoto wenye taya lililovimba. Ramani ya ugonjwa ilitokana na kwenda na kuuliza, na hilo tulikumbuke, maana nitalirudia.

Mwaka 1967, kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kilifunguliwa kituo cha kutibu limfoma katika kilima cha Mulago, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Historia yake imeandikwa na Marissa Mika katika kitabu Africanizing Oncology, kilichotoka mwaka 2021. Kwa kazi yangu kitabu hiki kina manufaa kuliko cha Mukherjee, ingawa hakina mbwembwe zake. Mika anajua kwamba jaribio la dawa halifanywi na dawa peke yake. Anaandika kuhusu wodi, mafaili, akina mama wanaopika nje na kulala kando ya vitanda vya watoto wao. Anaeleza jinsi Wamarekani walivyoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, na jinsi Charles Olweny, mkurugenzi wa kwanza Mganda, na wenzake walivyoendelea kutibu na kutafiti. Anaeleza jinsi Edward Katongole-Mbidde alivyoibeba taasisi hiyo katika miaka migumu iliyofuata.

Lakini kurasa nilizozipigia mstari ni zile za ufuatiliaji. Katika miaka ile ya mwanzo, mtoto asiporudi kliniki, watumishi wa taasisi walipanda gari na kwenda kumtafuta kijijini kwao. Walikuwa na maelezo ya njia, jina la chifu, jina la shule iliyo jirani. Mgonjwa akikutwa mzima, anaandikwa mzima. Akikutwa amezikwa, inaandikwa siku aliyozikwa. Matokeo yaliyotoka Kampala na kubadilisha matibabu ya limfoma duniani yalipata nguvu yake kutokana na maabara na dawa, na pia kutokana na dereva aliyejua njia ya vumbi.

Lawama yangu kwa Mika ni ndogo. Kijiji tunakiona kupitia kioo cha gari lile. Tunajua gari lilifika, hatujui sana mwenye nyumba alifikiri nini alipoliona linaingia uani. Je, alifurahi kwamba hawakumsahau? Au alijificha, akidhani amekuja kushtakiwa kwa kutorudi? Mwanahistoria anategemea kumbukumbu zilizobaki, na kumbukumbu zilizobaki ni za waliotumwa. Hata hivyo kitabu hiki kinanipa kitu ambacho Mukherjee hakunipa, nacho ni ushahidi kwamba "kupotea" hakutokani na mgonjwa peke yake. Mtu yule yule, katika kijiji kile kile, anapatikana au anapotea kutegemea kama kuna anayekwenda.

Andiko la tatu ni fupi na kavu. Mwaka 2012 jarida la Uingereza la magonjwa ya damu lilichapisha ripoti ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Twalib Ngoma, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Miongoni mwa waandishi wenzake yumo Ian Magrath, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi katika kituo kile cha Kampala. Ni ripoti ya watoto na vijana wenye limfoma ya Burkitt waliotibiwa Nigeria, Kenya na Tanzania. Wagonjwa 356 walihesabika kwenye tathmini. Walipewa dawa tatu, siklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati, na wale ambao ugonjwa haukuisha au ulirudi wakapewa mseto wa pili. Baada ya mwaka mmoja asilimia 67 walikuwa hai, baada ya miaka miwili asilimia 62.

Mtu asiyezoea ripoti za aina hii ataona namba tu. Mimi naona pia uchaguzi wa kisanii, kama neno hilo linaruhusiwa hapa. Kichwa cha ripoti kinatamka wazi kwamba mseto wa dawa ni rahisi. Huko Ulaya na Marekani limfoma hiyo hutibiwa kwa dawa nyingi na kali zaidi, na wanaopona ni wengi zaidi. Lakini matibabu hayo yanahitaji damu ya kuongezewa, maabara ya kila siku, na chumba ambacho maambukizi hayaingii. Kumpa mtoto dawa kali mahali pasipokuwa na hayo ni kumuua kwa tiba. Waliopanga jaribio walianza na hospitali zilivyo, si kama wangependa ziwe. Halafu wakaweka mseto wa pili kwa wale watakaorudi wakiwa na uvimbe. Nausoma mpango huo kama msuko wa hadithi wenye utu, kwa sababu mgonjwa anayerudi na habari mbaya hakuti mlango umefungwa.

Ila msuko huo nao unamtaka arudi. Hapa inabidi nieleze jinsi asilimia 62 inavyopatikana, maana ndipo binamu yangu anapoingia, au anapotolewa. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa makala ya Burkitt, Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, walichapisha njia ya kukadiria muda wa kuishi pale ambapo baadhi ya watu hawajulikani waliko. Ndiyo inayotumiwa mpaka leo. Mchoro wake ni ngazi inayoshuka: kila kifo ni kipandio kimoja kwenda chini. Mtu aliyepotea hashushi ngazi. Anahesabiwa kuwa hai mpaka siku ya mwisho alipoonekana, kisha anatoka kwenye hesabu. Mahali alipotokea huchorwa kijistari kidogo cha wima, kama alama ya kucha ukutani.

Njia hiyo ni ya busara, na wanahisabati wake hawakumdhulumu mtu. Lakini inasimama juu ya dhana moja, kwamba waliopotea hawana tofauti na waliobaki. Kwamba ukiwatafuta, utakuta wamekufa na kupona kwa kiwango kile kile. Mtu wa Namasakata anajua dhana hiyo ina walakini. Kutoka Songea peke yake hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na kufika Songea kwenyewe ni safari. Anayeacha kurudi ni yule aliye mbali zaidi, au asiye na nauli, au mwenye watoto wengine watano na shamba. Kwa kawaida ni yule ambaye hali yake ilikuwa ngumu kabla hajaugua. Kwa hiyo vijistari vile vya wima havikutawanyika hovyo. Vingi vimetoka njia za aina moja.

Wataalamu wa saratani za watoto wameliona hili, na wengi wao sasa wanashauri kwamba kuacha matibabu kuhesabiwe miongoni mwa matokeo mabaya, sawa na ugonjwa kurudi. Wameweka hata kipimo, wiki nne mfululizo bila kuonekana. Nakubali hesabu hiyo ni ya kweli zaidi. Ila neno wanalolitumia kwa Kiingereza, tukilileta kwetu, ni "kutelekeza". Kwa Kiswahili anayetelekeza ni baba aliyekimbia watoto. Shangazi yangu alimbeba mtoto mgongoni hadi kwenye basi, akalala sakafuni chini ya kitanda cha wodi wiki nyingi, akauza mbuzi wawili. Kisha msimu mmoja akashindwa nauli. Kumwita aliyetelekeza ni kusoma ukurasa wa mwisho wa kitabu na kuchana zilizotangulia.

Ndipo nikaigeukia fomu ya ridhaa. Kwa ajili ya tasnifu nimesoma fomu kadhaa za Kiswahili za tafiti za dawa, na ninazisoma kama ninavyosoma tamthilia, yaani nauliza nani anasema, nani anasikiliza, na nani ana haki ya kuondoka jukwaani. Wafasiri wake wamefanya kazi ngumu. Wanakwepa neno "majaribio", kwa sababu msikilizaji husikia ndani yake majaribu, na kwa sababu hakuna mzazi anayetaka mtoto wake ajaribiwe dawa. Wanasema "utafiti". Anayetibiwa wanamwita "mshiriki", neno la heshima, linalotukumbusha ushirika na shirika. Pale ambapo wagonjwa wanagawanywa makundi bila kuchagua, wanaandika "kwa bahati nasibu", na hapo mzee aliyewahi kununua tiketi anakunja uso, kwa sababu bahati nasibu anaijua: wengi wanatoa, mmoja anapata. Mfasiri mmoja aliandika kwamba ni kama kurusha shilingi juu. Huyo nilimpigia makofi chumbani peke yangu. Shilingi kila mtu ameirusha, na hakuna anayeionea shaka.

Karibu kila fomu ina ahadi kwamba mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na bila kupoteza haki yake ya kutibiwa. Ni ahadi nzuri, na ina historia nzito nyuma yake, historia ya watu waliofanyiwa tafiti bila kuulizwa. Lakini iweke kando ya sentensi niliyoanza nayo, uone. Fomu inasema unaweza kuondoka bila kusema neno. Ripoti inasema aliyeondoka bila kusema neno amepotea. Ukurasa wa kwanza unampa haki, ukurasa wa mwisho unamfuta kwa kuitumia. Katikati hakuna mahali palipoandikwa namna ya kuaga. Hakuna mstari unaosema: usipoweza kurudi, hatutakukasirikia, tupe njia ya kujua kama u mzima. Hakuna swali la msingi kabisa ambalo dereva wa Kampala angeuliza: kutoka barabarani kwenda kwenu, mtu anapita wapi?

Nimeona fomu zenye kurasa nane zinazoeleza damu itahifadhiwa wapi na kwa miaka mingapi. Nyumba ya mshiriki ina mstari mmoja, na namba ya simu. Kama mhakiki ningesema andiko hilo limemjenga vizuri mhusika mmoja, yaani sampuli, na kumwacha mwingine, yaani mtu, kama kivuli. Huu si mzaha wa mwanafunzi wa fasihi. Kijistari cha wima kwenye mchoro kinachorwa siku ile fomu inapojazwa.

Sidai kwamba hakuna kinachofanyika. Hospitali zetu zimeanza kuelewa kwamba mahali pa kulala mzazi na nauli ya kurudi ni sehemu ya dawa. Shirika la Tumaini la Maisha, linaloshirikiana na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili katika kutibu watoto wenye saratani, limejengwa juu ya wazo hilo: matibabu bila malipo, na familia kupata mahali pa kukaa. Hoja yangu ni kuhusu maandishi. Maandishi ya majaribio bado yanazungumza kana kwamba mwendo ni jukumu la mgonjwa, na kuhesabu ni jukumu la mtafiti, na mambo hayo mawili hayakutani.

Desemba iliyopita nilishuka Songea nikielekea nyumbani. Bodaboda wa kwanza kunifuata alivua kofia, akacheka, na upande wa kushoto wa kicheko hicho kuna pengo la magego matatu. "Umepotea wewe," binamu yangu akasema. "Chuo kimekumeza."

Ndiyo, yupo. Ana mke na mtoto mmoja. Nimesita kuiandika sentensi hii, kwa sababu inaweza kusomwa vibaya. Ilijulikana tangu enzi za Burkitt kwamba wapo watoto wachache waliopona kwa dozi chache tu. Binamu yangu ni mmoja wao, na hakuna mganga wala daktari ambaye angeweza kulijua hilo siku aliyopanda basi la kurudi. Wengi walioacha dripu katikati walizikwa kabla ya msimu mwingine wa mpunga. Mtu asiseme kwamba nimeandika kuwa dripu tatu zinatosha. Nasema tu kwamba kuna ripoti yenye kijistari cha wima, na kijistari hicho kina pikipiki na deni la pikipiki.

Nilimwambia ninaandika. Nikamsomea aya zinazomhusu, tukiwa tumekaa kwenye benchi la muuza chai, na nikamwomba ridhaa kwa mdomo, maana fomu sikuwa nayo. Akauliza mambo mawili. La kwanza, kama jina lake litatokea, nikasema hapana. La pili, kama wale wa hospitali wataisoma. Nikamjibu kwamba huenda.

"Basi waambie nipo," akasema, akawasha pikipiki.

Tulipofika nyumbani, shangazi alikuwa anapepeta mchele uani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha ungo. Jioni nikamweleza maana ya neno lile la kwenye ripoti, nikimtafsiria polepole, waliopotea kwenye ufuatiliaji. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho.

"Nipotee wapi, mwanangu?" akasema. "Nyumba ni hii hii. Mwembe ni huu huu. Mimi nilikaa mwezi mzima nikisikiliza kila gari linalopita, nikijua watakuja kuniuliza kwa nini sikurudi. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kuwaambia."

Nikamuuliza angewaambia nini.

"Kwamba nauli imeisha," akasema. "Na kwamba mtoto anakula."